Bolti ya Chini

Kuna watu wana mkono wa kupika, kuna wenye mkono wa kushona, na kuna mzee mmoja ambaye Mungu alimpa mkono wa milango. Si milango ya nyumba, hapana. Milango ya magari, tena si magari yote, bali ile ya kusukuma ya vani kuukuu, ambayo ukiivuta inalia kama inachinjwa, na ukiifunga inatulia kidogo kisha inafunguka yenyewe. Gereji nzima ilimwita Mzee Milango. Jina lake la kuzaliwa, sikufichi, hata mwenye kiwanja alikuwa halijui.

Gereji yenyewe ilikuwa kiwanja cha udongo mweusi kwa oili, nyuma ya duka la vipuri, na vibanda vya mabati vimejipanga ukutani. Kibanda cha Mzee Milango kilikuwa cha mwisho, kimepakana na cha fundi rangi. Ndani palikuwa na meza yenye jiriwa, makopo ya springi, makopo ya rola, makopo ya klipu, na benchi moja la wateja ambalo alilifuta vumbi kila asubuhi, mteja awepo asiwepo. Mafundi wengine wa pale, jamani, mnawajua wenyewe. Unapeleka gari Jumatatu unaambiwa njoo kesho. Kesho yake unakuta gari matumbo yote yako nje, na fundi yuko msibani kwa shangazi yake aliyezikwa mwaka juzi. Mzee Milango hakuwa na njoo kesho. Akishika mlango haachi mpaka uishe. Ukimpigia simu akiwa kazini alikujibu neno moja tu, "Namalizia," na kweli alikuwa anamalizia. Wateja walimpenda kwa neno hilo. Mimi silipendi hata kidogo, na nitakwambia kwa nini.

Alikuwa amepanga chumba kimoja, mtaa wa pili kutoka gereji, chenye dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Asubuhi akitoka aliiacha redio ikiongea. Si kwa kusahau. Aliiacha makusudi, ili jioni akifika mlangoni akute sauti ya mtu ndani. Siku nyingine alisimama kwanza nje, ufunguo mkononi, akisikiliza watu wawili wa redioni wakibishana juu ya bei ya saruji, akajiona kama mtu aliyechelewa kwenye maongezi ya nyumbani kwake. Kisha anaingia, hamna mtu, anavua viatu.

Simu yake ilikuwa inalia, ndiyo, lakini waliopiga walikuwa wenye magari. Ujumbe wa maandishi alikuwa anatumiwa na kampuni ya simu, ambayo ndiyo pekee duniani iliyomtakia heri siku yake ya kuzaliwa. Na yeye akaijibu! Akaandika, "Asanteni sana, nawashukuru kwa kunikumbuka," akatuma, ujumbe ukagoma kwenda. Fundi rangi alipouona alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akacheka, asije akaonekana mnyonge. Jumapili gereji ikifungwa yeye alikwenda vilevile, eti kuangalia kama mvua haijaingia kibandani, hata wakati wa kiangazi. Mlinzi wa getini alimfungulia bila kumuuliza kitu.

Lakini usidhani alizaliwa peke yake namna hiyo. Alikuwa na mke na binti mmoja, na nyumba yenye kelele za kutosha. Mkewe alikuwa na mdomo, mcheshi ajabu, na magari ya watu alikuwa akiyaita wake wenzake. "Leo umeshinda kwa mke mwenzangu yupi," alikuwa akimuuliza akirudi, "yule mweupe au yule wa kijivu mwenye kutu?" Mzee anacheka, ananawa mikono, anakula, na kesho yake anarudi kulekule kwa wake wenza. Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Kosa lake lilikuwa moja, na alilifanya kwa uaminifu mkubwa: alidhani watu wa nyumbani wapo tu, na magari ndiyo yenye haraka.

Mke akaugua. Wiki ya tatu yuko hospitali, binti amekaa kando ya kitanda mchana kutwa, na mzee anakuja jioni na matunda kwenye mfuko. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa sita mchana binti akapiga simu. "Baba njoo, mama anakuulizia." Mzee alikuwa ameulaza mlango wa mtu juu ya magunia, na mwenye gari amesimama pembeni na mabegi yake, ana safari. "Namalizia, mwanangu, nakuja." Saa nane simu tena. "Namalizia." Saa tisa na nusu, tena. "Niko kwenye bolti za mwisho hapa, namalizia." Niambie ukweli, wewe ungetupa spana chini ukaenda, sivyo? Naye ungemuuliza siku nyingine yoyote angekujibu hivyohivyo. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kumaliza, na kichwa kilifuata mikono. Alifika saa kumi na robo, grisi mpaka viwikoni, akawakuta manesi wanakunja mashuka. Binti alikuwa amesimama kwenye korido. Alimtazama baba yake ile mikono, akamuuliza, "Umemaliza?"

Hilo tu. Baada ya mazishi binti akahama, akabadilisha namba, na miaka mitano ikapita.

Basi bwana, asubuhi moja ya katikati ya wiki ikaingia gerejini vani ya kijivu iliyochoka. Ubavuni ilikuwa na jina la kiwanda cha mikate, nusu ya herufi zimebanduka, na mlango wake wa kusukuma ulikuwa umefungwa kwa kamba, kutoka mpini wa ndani mpaka kwenye kiti cha mbele. Ikasimama katikati ya kiwanja, dereva asishuke. Dakika tano nzima injini inaunguruma.

"Huyu naye anasali au?" akauliza fundi rangi.

Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa koti la kazi, akaja akitembea haraka huku bega moja limetangulia. Mzee Milango alikuwa ameinama kwenye jiriwa, anapiga tupa. Aliiona ile hatua kabla ya kuuona uso. Aliyekuwa akitembea vile alikuwa mmoja tu, na huyo alimzika mwenyewe. Tupa ikamponyoka.

"Shikamoo baba," binti akasema.

Sasa hiyo shikamoo baba, mtu yeyote mwenye adabu humwambia mzee yeyote mwenye mvi. Hata mlinzi wa getini alikuwa ameambiwa ileile dakika tano zilizopita, kwa sauti ileile.

"Marahaba." Alitaka kuongeza mwanangu, akaishia kuonyesha benchi. "Karibu. Karibu ukae."

"Mlango unafunguka njiani," binti akasema, bado amesimama. "Jana nimepiga kona pale kwenye mzunguko, ukafunguka wote, kreti nne za mikate zikamwagika barabarani. Nimeshapeleka kwa mafundi wawili. Mmoja ameupiga nyundo, mwingine amenifungia hiyo kamba. Kila ninayemuuliza ananiambia nenda kwa Mzee Milango." Akaigeukia vani. "Naihitaji kabla ya saa tisa. Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana."

"Leo?"

"Leo hii."

Akaenda kukaa kwenye benchi, mwisho kabisa, akatoa simu yake akaikodolea macho. Si habari za uzima, si umekonda baba, si chochote. Mzee akabaki amesimama akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa amejiandalia maneno kwa miaka mitano, usiku na usiku, maneno mazuri tu, na sasa yote yameingia mitini. Kilichobaki kichwani ni kitu kimoja: ana mpaka saa tisa. Mlango ukishapona, binti huyu ataondoka, na hatakuwa na sababu nyingine duniani ya kurudi pale.

Akaanza kazi, maana ndiyo aliyoijua. Alikata kamba, akausukuma mlango kwenda na kurudi, taratibu, jicho limefumba, akiusikiliza. Ulikuwa unakwaruza katikati na kushuka mwishoni. Akaurudisha tena, akaweka kidole kwenye pengo. Wale wenzake wawili walikuwa wamekihangaikia kitasa bure. Kitasa hakikuwa na hatia. Rola ya katikati ilikuwa imelika upande mmoja, kwa hiyo mlango mzima ulikuwa umeinama nyuma kiasi cha unene wa njiti ya kibiriti. Kitasa kikifika kwenye nguzo ya mlango kinakuta kile kipete cha chuma ambacho kinapaswa kuking'ata kiko juu kidogo. Kinakigusa kwa ncha tu. Barabara ikiwa imenyooka, sawa. Ukipiga kona, kinaachia.

Alifungua kava la ndani, klipu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kopo. Akatoa springi ya kitasa, akaivuta, akaona imechoka, akachagua nyingine. Akabadilisha rola. Kisha akapiga magoti kusafisha reli ya chini, ile inayopita chini ya ngazi ya kupandia, ambako uchafu wote wa gari hukimbilia. Alitoa makombo ya mikate yaliyogandamana na grisi, akatoa penseli ya rangi iliyovunjika, akatoa kifungo. Akaingiza mkono ndani zaidi, akatoa kiatu.

Kilikuwa kiatu cha bluu, cha mguu wa kushoto, kimeenea kwenye kiganja chake na kubakiza nafasi. Mzee akainua kichwa, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi: nyuma ya kiti cha mbele, palepale kando ya mlango, kiti cha mtoto kimefungwa kwa mikanda, na biskuti nusu juu yake.

Akakaa chini kwenye udongo. Kumbe yeye ni babu! Amekuwa babu muda wote huo. Anakula peke yake huku ni babu, anaijibu kampuni ya simu huku ni babu, na hakuna aliyemwambia. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, na katikati ya maumivu hayo kulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Alikipiga kile kiatu vumbi kwa upande safi wa shati lake, akakipeleka kwenye benchi.

"Hiki kilikuwa kwenye reli."

Binti alikitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukataka kucheka. "Tumekitafuta mwezi mzima hiki."

"Ana miaka mingapi?"

Binti akakipokea kiatu. Kisha akasema, "Miwili na nusu."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Alikuwa na maswali mia. Anaitwa nani, amefanana na nani, anakula vizuri, anaogopa giza, amewahi kuambiwa kwamba ana babu. Yote yalimjaa mdomoni kwa mpigo, yakabanana, halikutoka hata moja. "Atakuwa amekua sasa," akasema. "Hakitamtosha."

"Hakimtoshi," binti akasema, akakitia mfukoni, akarudi kwenye simu.

Mzee alirudi mlangoni akajificha nyuma yake. Fundi rangi, ambaye macho yake hayana pazia na nywele zake zilikuwa za rangi tatu siku hiyo, akasogea na kopo lake la vanishi akijifanya anatafuta kitu.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mteja."

"Mteja gani anakutoa machozi?"

"Grisi imeniingia jichoni."

"Macho yote mawili?"

Mzee akazungusha bisibisi mara mbili hewani, bila kugusa kitu. "Ni binti yangu," akasema.

Fundi rangi akanyamaza, na hilo halikuwa limetokea tangu kibanda kile kijengwe. Akatazama benchi, akatazama mlango, akainama karibu na sikio la mzee. "Basi panda mbegu."

Mbegu, kwenye gereji ile, ni kasoro ndogo ambayo fundi anaiacha makusudi ili mteja arudi. Nati haikukazwa sawasawa, waya umepitishwa karibu na kitu cha moto. Baada ya wiki mbili tatu mteja anarudi mwenyewe, anashukuru na kulipa upya. Wote walipanda, na wala hawakuona haya. Walizungumzia mbegu zao wazi wazi wakati wa chai. Mzee Milango peke yake ndiye hakupanda. Aliwahi kumfukuza kibandani kwake fundi wa breki kwa habari hiyohiyo, akimwambia mlango si mahali pa kuchezea, nyuma ya mlango amekaa mtu.

"Sipandi," akasema.

"Haya, shauri yako. Lakini hebu jiulize, akiondoka leo na mlango mzima utamwona lini tena? Milango yako wewe haifi, mzee. Huyo mjukuu ataposwa, ataolewa, na mlango bado unafunga."

Akaenda zake. Mzee akabaki na kile kipete cha chuma mkononi. Kazi ilikuwa imebaki hiyo tu: kukirudisha kipete kwenye nguzo, kukishusha kidogo kilingane na kitasa, na kukaza bolti zake mbili, ya juu na ya chini. Saa ilikuwa saa saba na nusu. Alipima kwa jicho, akafunga mlango, akafungua, akapima tena. Akaikaza ya juu mpaka spana ikagoma. Ya chini akaizungusha kwa vidole mpaka ikakaa, akaiwekea spana, mkono ukasimama.

Ile ya juu itashika, alijiambia. Gari likitikisika wiki mbili, tatu, hii ya chini itarudi nyuma kidogo, kipete kitalala upande, mlango utaanza kugonga. Utagonga tu. Hautafunguka. Utamkera, atasema hata huyu naye, ataleta. Atakaa tena kwenye benchi. Labda siku hiyo atakuja na mtoto. Nani ataumia? Alikuwa na miaka arobaini kwenye kazi hiyo na hakuwahi kumwachia mtu bolti. Akaiondoa spana, akaitia mfukoni, akarudisha kava, akaipaka reli grisi mpya. Alifanya yote hayo haraka na bila kutazama upande wa benchi.

"Tayari," akaita.

Binti alikuja, akaushika mlango kwa tahadhari ya mtu aliyezoea kuvutana nao. Ukaja wenyewe. Akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda, ukajifunga kwa sauti fupi ya chini.

"Eee!" likamtoka. Akafungua tena, akafunga tena, mara tatu, akisahau kununa. Kisha akakumbuka, akatoa pesa.

"Acha," mzee akasema. "Kwako wewe ni bure."

"Sipendi vya bure." Akazibana pesa chini ya jiriwa.

"Mlango ukisumbua, rudi. Wakati wowote. Mimi nipo. Hata Jumapili nipo."

"Wanasema ukitengeneza wewe hausumbui."

"Chuma ni chuma," mzee akasema, macho kwenye udongo.

Binti alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mteja na fundi, kisha akaitazama saa. "Nimechelewa, kuna kituo kimoja cha mikate, halafu namfuata mtoto," akasema. Akapanda, akawasha, vani ikatoka getini.

Fundi rangi akamwinulia kidole gumba kutoka ng'ambo. Mzee Milango akaenda kukaa kwenye benchi lake mwenyewe, mahali alipokaa binti. Alianza kuhesabu. Wiki mbili, tuseme tatu. Atanunua juisi aiweke. Atatafuta kigari kidogo cha kuchezea, au mwanasesere, hakujua watoto wa siku hizi wanapenda nini, atamuuliza muuza duka. Ataliosha benchi kwa sabuni. Alikuwa anatabasamu, mwenyewe kabisa, mtu mzima na mvi zake, na nikwambie, kwa miaka mitano hakuwahi kuwa na wiki tatu za kusubiri kitu.

Katika huko kuhesabu akampandisha mtoto garini. Alimwona amefungwa kwenye kile kiti, biskuti mkononi, bega lake limeegemea mlango. Akaliona gari linaingia kwenye mzunguko, maana huyu mama anapiga kona haraka, jana mikate imemwagika hapohapo. Akaziona kreti za mikate zinausukuma mlango kwa ndani. Na bolti ya juu, je? Aliishika asubuhi. Aliziona nyuzi zake zimelika nusu. Aliziona kwa macho yake akajitia hamnazo kwa sababu alikuwa na haja. Namfuata mtoto, amesema. Si wiki tatu zijazo. Leo. Sasa hivi.

Mzee akaruka, akanyakua bolti mpya mezani akaitia mfukoni. Namba ya simu hakuwa nayo. Alipiga mbio akapita geti, mlinzi akimwita, akapita duka la vipuri, akapita kinyozi, spana inampiga pajani. Ana miaka sitini na sita na magoti mabovu, na alikuwa hajakimbia tangu ujana. Watu wakatoka madukani. "Mzee, wamekuibia?" mmoja akampigia kelele. "Yuko wapi mwizi?" Hakuwa na pumzi ya kumjibu kwamba mwizi ni huyuhuyu anayekimbia. Akakata kwa uchochoro wa nyuma ya soko la mitumba, akaruka mtaro, akatokea kwenye barabara inayoelekea mzunguko, na kwa bahati, saa hizo foleni ilikuwa imesimama. Akaliona lile jina lenye herufi zilizobanduka, gari la sita kutoka mbele. Akalipiga ubavu kwa kiganja, pa, pa, pa.

Binti akageuka kwa hofu, akaona ni nani, akasogeza vani pembeni mbele ya duka la magodoro, akashuka.

"Nini? Kuna nini?"

"Mlango," mzee akasema, ameshika magoti yake. "Bolti ya chini... haijakazwa."

"Umesahau?"

Hapo alikuwa amefunguliwa njia pana kabisa. Angeitikia tu, nimesahau, mwanangu, uzee huu, na mambo yangeishia hapo na huruma juu yake.

"Sikusahau. Nimeiacha makusudi. Ili urudi."

Mzee aliufungua mlango, akapiga magoti kwenye ukingo wa barabara, akabandua kava, akaitoa bolti ya juu akaibadilisha na nyingine aliyokuwa nayo mfukoni, akaikaza, kisha akaikaza ya chini mpaka kiwiko kikatetemeka. Nyuma magari yalikuwa yanapiga honi na mtu mmoja anawatukana kutoka dirishani. Alipomaliza akaufunga mlango, akauvuta kwa nguvu zake zote mara mbili. Haukwenda popote.

"Sasa hautafunguka," akasema. "Hautagonga, wala hautahitaji fundi."

Aliposimama alikuta binti anamtazama: jasho linachuruzika, kifua kinapanda na kushuka, suruali imechanika goti.

"Umekimbia kutoka gereji?"

"Ndiyo."

"Njia yote hii?"

"Ndiyo."

"Kumbe unaweza." Sauti ya binti ilikuwa imeanza kukatika. "Kumbe unaweza kukimbia, baba. Siku ile mbona hukukimbia?"

Watu wa duka la magodoro walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, na mzee hakuwajali. Alitafuta jibu miongoni mwa yale aliyojiandalia miaka mitano, akaona yote ni ya kujitetea. Akatoa lililobaki.

"Nilidhani atanisubiri," akasema.

"Alikusubiri." Binti alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Kila mlango wa wodi ukifunguliwa alikuwa anageuza shingo. Nesi akiingia, anageuka. Mtu wa chakula akiingia, anageuka. Hata alipokuwa haoni tena, akisikia mlango anageuka. Mimi nikawa namwambia, anamalizia, mama, anamalizia."

Akapanda garini. Foleni ilikuwa imeanza kusogea na mtu mmoja akampa nafasi. Mzee hakumwomba namba, naye hakuiacha. Vani ikaingia kwenye mzunguko kwa kasi yake ileile, ikapiga kona, na mzee, amesimama na spana mkononi, akautazama mlango mpaka ulipopotea upande wa pili. Haukutikisika hata kidogo.